Kuku wa nyama wanatweta na kufa mchana, kwenye hizi vitamini za madukani kipi kinasaidia kweli?

MfugajiWaChanika

Habari zenu wakuu. Niko huku Chanika nafuga kuku wa nyama, sa hivi nina kuku 500 wapo wiki ya tano, na joto la Dar tangu mwaka uanze mnalijua wenyewe. Ikishagonga saa saba saa nane mchana banda zima linatweta, midomo wazi, mabawa wameyaachia, chakula hawakigusi, na wanaokufa ni wale wakubwa wakubwa wenye vifua, yani wale ambao mteja angewachagua wa kwanza. Asubuhi unawaacha wazima wanakimbilia chakula, mchana unaokota mizoga, jioni waliobaki wanakula kama hakijatokea kitu.

Nimeenda duka la dawa za mifugo, kijana wa pale kanipangia vitu kaunta: multivitamini, elektrolaiti, vitamini C ya unga, chupa ya vitamini E na seleniamu, na pakiti moja ya unga wa njano anasema hiyo ndo kiboko ya joto ila nikisoma nyuma naona ina oksitetrasaiklini ndani na ninavyojua mimi hiyo ni antibaotiki. Nikijumlisha vyote hela yake ni karibu faida yote ya hawa kuku. Jirani yangu naye anasema nisinunue chochote, niweke tu magadi soda kwenye maji.

Banda langu ni mita 5 kwa 8, tofali mpaka kiunoni, juu wavu, paa la bati halina dari. Maji ni ya kisima, yanapanda kwenye simtanki nyeusi juu ya mnara halafu yanashuka bandani. Naomba mwenye uzoefu anisaidie, kama hela inatosha kitu kimoja au viwili nichukue kipi, na nawapaje?

BiKisauni

Pole sana ndugu yangu. Kuku wa wiki ya tano akifa inauma kwa sababu ushamlisha kila kitu, bado kuuza tu. Mimi niko Mombasa, Kisauni, na msimu huu wa kaskazi kwetu ni vivyo hivyo, joto na unyevu vimekuja pamoja.

Nikwambie kabla hujafungua pochi. Hiyo tangi nyeusi iliyo juani ndiyo nyoka wako wa kwanza. Kuku kwenye joto anaponea kwa maji, na maji yakishakuwa moto hanywi, anachovya mdomo mara moja anaondoka. Wewe nenda saa nane mchana utie mkono kwenye vyombo vyao, ukiona yana uvuguvugu ujue hapo hata ukitia dawa ya laki haifiki tumboni kwa sababu yule hanywi. Mimi tangi langu nimelijengea kivuli cha makuti juu na ubavuni, mpira wa maji nimeufukia chini ya udongo, na kila saa sita mchana tunamwaga maji yote ya vyombo hata kama yamejaa tunatia mapya, yanayomwagwa yanakwenda kwenye mchicha. Siku zikichachamaa nagandisha maji kwenye chupa za plastiki kwenye friji natumbukiza kwenye pipa. Na ongeza vyombo, kwa maana wakati wa joto kuku hatembei kwenda mbali, akikuta wenzake wamejazana anarudi kulala chini.

La pili ni upepo. Huku pwani hewa imeshashiba maji, kwa hivyo wanaokwambia nyunyiza maji ndani ya banda uwasikilize kwa uangalifu. Ukinyunyizia pasipo na upepo unaongeza mvuke tu na maranda yanaloa yanaanza kutoa amonia. Feni ya kawaida, ielekezwe usawa wa kuku pale chini wanapokaa, sio usawa wako wewe ukisimama. Bati lipake chokaa nyeupe kwa juu au lilaze makuti, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Na mchana ule mkali pita taratibu katikati yao wainuke, kuku akilala anafungia joto chini ya kifua chake, akisimama kidogo hewa inapita. Taratibu lakini, usiwatishe wakarukiana.

Dawa mimi natumia elektrolaiti na vitamini C, hizo nyengine wacha wenye elimu waje wazisemee.

DktMifugo_Moro

Salaam wote. Bi Kisauni kamaliza sehemu kubwa na kila alichosema kifanye leo. Mi niingie kwenye pakiti zako moja moja maana ndo ulichouliza, ila univumilie nianze na kinachotokea ndani ya kuku, ukikielewa hakuna muuza duka atakayekubabaisha.

Kuku hana tezi za jasho. Joto lake la kawaida tu ni nyuzi 41 mpaka 42, kwa hiyo hana nafasi kubwa ya kupanda kabla hajafa. Hewa ikiwa ya ubaridi anatoa joto kupitia ngozi, upanga, ndevu na miguu, ila ikishapita nyuzi 30 hivi njia kubwa inayobaki ni kutweta ili avukize maji kwenye koo na mapafu. Kutweta huko kunamtoa kabonidayoksaidi nyingi mno, damu inaegemea upande wa alkali, figo zikijaribu kurekebisha zinamwaga baikaboneti kwenye mkojo na ikitoka inaondoka na sodiamu na potasiamu. Ndo maana mchana kinyesi chao kinakuwa cha maji maji, sio kwamba wanaharisha kwa ugonjwa. Na wanakufa wakubwa kwa sababu mwili mnene unatengeneza joto jingi halafu ngozi ya kulitolea ni ndogo ukilinganisha na uzito wake.

Sasa pakiti. Kama hela ni ya kitu kimoja chukua ELEKTROLAITI. Inarudisha zile chumvi zinazopotea, hasa potasiamu, na inamfanya anywe zaidi na kule kunywa kwenyewe ni nusu ya tiba. Anza kuwapa asubuhi mapema kabla hawajaanza kutweta, usisubiri saa nane ukikuta wamelala chali, kisha usiku wape maji matupu masafi. Siku 3 mpaka 5 za joto kali unapumzika, sio mwezi mzima, kipimo fuata karatasi ya pakiti. Tazama utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), ukiona joto linapanda kesho anza leo. Lakini kabla ya yote ONJA MAJI YA KISIMA CHAKO. Visima vingi vya Dar na pwani vina chumvi, na kama yako yana chumvi tayari ukiongeza sodiamu juu yake unawaharibu figo, maranda yanaloa na kuku wa nyama anaweza kujaa maji tumboni. Maji ya chumvi tafuta mengine ya kuchanganyia dawa, ya bomba au ya mvua.

Ile soda ya jirani yako inafanya kazi, sio uzushi, ni sodiamu baikaboneti na inarudisha ile baikaboneti iliyomwagwa na figo. Ila iwe ile nyeupe laini ya kuokea keki, gramu 1 kwa lita 1, isizidi 2. Ndoo ya lita 20 inakuwa gramu 20, kama vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa. Usitumie magadi ya kuchemshia maharage, yale ya Ziwa Natron yana floraidi nyingi na ni makali zaidi, na usije ukauziwa ile soda ya kutengenezea sabuni maana hiyo inaunguza koo na tumbo, anakufa. Ukitumia soda usiweke na elektrolaiti siku hiyo hiyo, sodiamu itajirundika. Soda haina potasiamu kwa hiyo elektrolaiti bado inaishinda, ila kama hela hakuna soda ni afadhali kuliko kukaa hivi hivi.

Vitamini C, hii ndo ya pili kununua. Kuku anajitengenezea mwenyewe kwenye figo tofauti na sisi binadamu, ndo maana siku za kawaida hahitaji kupewa. Kwenye joto matumizi yanapanda na uwezo wa kutengeneza unashuka, hapo nyongeza inasaidia na imeonekana kwenye majaribio mengi, kuku wanakula zaidi kidogo na vifo vinapungua. Kwenye chakula inazoeleka gramu 250 kwa tani, yani kwa mfuko wa kilo 50 ni gramu 12 na nusu. Kwenye maji miligramu 250 kwa lita inatosha, yani gramu 5 kwa ndoo ya lita 20. SOMA PAKITI, hicho kipimo ni cha vitamini C tupu, pakiti nyingi za dukani ni asilimia 10 au 20 tu na iliyobaki ni sukari, kwa hiyo ya asilimia 10 inabidi uzidishe mara kumi ndo ufikie. Hapo ndo watu wengi wanapoona haifanyi kazi, kumbe wamewapa sukari. Inaharibika haraka kwenye maji, kwenye mwanga, kwenye joto na kwenye maji yenye klorini, kwa hiyo changanya kidogo kidogo ya kumalizika ndani ya saa chache.

Na hili liandike ukutani: vitamini C na soda visikutane kwenye ndoo moja. Moja ni asidi nyingine inaua asidi, zinamalizana humo humo kwenye ndoo unaona mapovu na umetupa hela zote mbili. Kama unazo zote, vitamini C weka kwenye chakula na soda kwenye maji, au pokezana siku.

Vitamini E na seleniamu ni nzuri lakini faida yake inajengeka polepole, inafaa zaidi kuku wa mayai na wazazi, wewe unauza karibuni acha. Halafu seleniamu kuizidisha ni sumu. Multivitamini kama chakula chako kina premiksi nzuri (ule mchanganyiko wa vitamini na madini) sio haraka.

Ule unga wa njano rudisha. Joto sio bakteria. Ukiwapa antibaotiki bila ugonjwa unatengeneza usugu wa bakteria na nyama inabaki na masalia ya dawa, una kuku wa kuuza siku chache zijazo, itabidi usubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti, utazitoa wapi.

Kitu cha mwisho ambacho ni cha bure na mi naona kinashinda pakiti zote: ondoa chakula mchana. Kuku akila, kusaga chakula kunatengeneza joto na linafika kileleni saa kama tatu mpaka tano baada ya kula. Anayekula saa nne asubuhi anapata joto lake la ndani saa nane mchana, wakati ule ule jua limefika juu, anapigwa kutoka pande mbili. Pandisha vyombo vya chakula saa tatu na nusu au nne asubuhi, shusha saa kumi na moja jioni, maji yawepo muda wote. Waachie taa kuanzia saa tisa au kumi alfajiri wale wakati wa baridi.

Na kuku 500 kwenye mita 40 za mraba ni kama 12 kwa mita, kwa uzito huo na bati tupu wamebanana. Lenga 8 mpaka 10.

MfugajiWaChanika

Dokta nakushukuru sana, mama wa Kisauni asante, nimeshaanza na tangi, tumelifunika na turubai na makuti. Maji ya kisima nimeyaonja kwa makini, yana chumvi kwa mbali, sisi tumeyazoea kwa hiyo hatuisikii tena ila mgeni akinywa anasema. Kwa hiyo elektrolaiti nitachanganya na maji ya bomba tunayonunua kwa ndoo.

Swali, nikiwanyima chakula saa zote hizo si watapungua uzito? Na nitajuaje kama hivi vifo ni joto kweli, maana kuna mtu hapa mtaani kaniambia ni ugonjwa wa kideri.

DktMifugo_Moro

Uzito hawapotezi kama unavyofikiri, kwa sababu mchana ule hawali hata ukiwawekea, umesema mwenyewe. Wanafidia jioni na alfajiri. Cha kuangalia ni pale unaposhusha vyombo jioni, wana njaa watagombania, kwa hiyo viwe vingi na vishuke vyote kwa pamoja wasije kukanyagana. Vifaranga chini ya wiki tatu usiwafanyie hivi.

Kwa maji, 500 wa umri huo siku ya kawaida wanamaliza kama lita 150, kwenye joto kali inaweza kufika mara mbili yake. Dawa iwekee yale ya saa nne asubuhi mpaka kumi jioni tu, ndoo za bomba hazitakushinda.

Kideri hakichagui saa. Utaokota mizoga usiku na asubuhi, utaona waliopooza mguu au bawa, shingo zimepinda, kinyesi kijani, wanakoroma, na kinapiga wadogo kwa wakubwa. Wa joto anakufa mchana na jioni, yuko na nyama yake nzuri, chakula kipo tumboni, ukimpasua nyama ya kifua imepauka kama imeanza kupikwa. Ukiwa na shaka peleka mizoga miwili mitatu kwa daktari wa wilaya ikiwa bado mibichi, usikae unabahatisha, na wale waliobaki angalia chanjo yao ya kideri kama ilipita kwenye ratiba.

FundiChakula

Niongezee upande wa chakula maana mi kazi yangu ni kuchanganya. Kuna kosa naliona kila mwaka joto likianza, mtu anaona kuku hawali anaongeza dagaa na mashudu ili kile kidogo wanachokula kiwe na nguvu. Unawaongezea mzigo. Protini ikizidi mwili unaibomoa na kule kuibomoa kunatoa joto jingi kuliko wanga na mafuta. Bora upunguze protini kidogo halafu uhakikishe laisini na methionini, vile viini vya protini, ziko sawa, na sehemu ya nguvu itoke kwenye mafuta ya kula, mafuta ndo yanatoa joto dogo kwenye usagaji. Tia kilo 1 hadi 2 kwenye kilo 100 na uchanganye vizuri, na chakula hicho kisikae wiki mbili maana kwenye joto mafuta yanachacha.

Kama dukani kwenu wanauza betaini, kilo 1 kwa tani ya chakula, inasaidia seli zisipoteze maji, mi naiona inafaa kuliko vitamini nyingi zenye picha nzuri kwenye karatasi. Na ukiweka soda kwenye chakula badala ya maji, punguza chumvi ya kawaida kwenye mchanganyiko, sodiamu inahesabiwa yote kwa pamoja.

La muhimu zaidi ulizia aliyekutengenezea chakula ametumia dawa gani ya kuzuia koksidia, vile vimelea vya utumbo. Ikiwa ni nikabazini ibadilishe leo, ile inaongeza vifo vya joto kwa kuku wa nyama na jambo hilo linajulikana miaka mingi, ndo maana wenye kujua wanaitumia msimu wa baridi na kwenye stata (chakula cha vifaranga) tu. Unaweza ukanunua elektrolaiti zote za mji huu na bado ukaokota mizoga kwa sababu kitu kiko ndani ya mfuko wa chakula.

MamaMayai_Dom

Jamani na sisi wa kuku wa mayai tusisahaulike. Niko Dodoma, huku joto ni kavu, mchana kuku hawafi sana kama huko pwani lakini mayai yanakuwa madogo na ganda jepesi, trei moja unapoteza mayai kwa kupasuka tu njiani kabla hujafika sokoni. Nilikuwa sijui uhusiano mpaka dokta alivyoeleza habari ya kabonidayoksaidi, kumbe ganda ni kalsiamu kaboneti na kuku anaitoa kaboneti yake yote nje kwa kutweta.

Mimi natumia soda ya kuokea kwenye chakula, gramu 300 kwa kilo 100, na makombe ya baharini yaliyosagwa chenga chenga nawawekea jioni pembeni kwenye chombo chake, kwa sababu ganda linajengwa usiku na chenga zinakaa tumboni zinatoa kalsiamu polepole. Ganda limerudi kuwa gumu. Na huku kwetu kunyunyiza maji kunafaa sababu hewa ni kavu, nalowesha magunia ya katani nayatundika upande upepo unakotokea, ndani panapoa kabisa. Dokta hiyo gramu 300 iko sawa au nimezidisha?

DktMifugo_Moro

Iko sawa dada, ila hakikisha chumvi ya mezani umeipunguza kama fundi alivyosema. Na nyongeza kidogo maana hili mi hunifurahisha, watafiti Marekani miaka ya 1980 waliwahi kuwanywesha kuku wa mayai maji yenye gesi, yale ya soda bila sukari, wakati wa joto na maganda yakaimarika, kwa sababu ile ile unayoisema. Hakuna mfugaji atakayenunua maji ya gesi kwa kuku lakini inaonyesha tatizo liko wapi hasa. Kwa wa mayai vitamini E nayo inafaa, hao wanakaa muda mrefu.

KijanaWaTanga

Samahani naomba kuuliza, bibi yangu hapa Muheza anawapa kuku wake maji ya ukwaju na unga wa ubuyu jua likiwa kali, na mwingine analoweka shubiri. Ubuyu si una vitamini C nyingi? Inaweza kuwa badala ya ile ya dukani? Na kuku wake mbona hawafi, wengi ni wa kishingo.

DktMifugo_Moro

Bibi yako ana akili, mpe salamu zangu. Ubuyu una vitamini C kweli, tena nyingi kuliko chungwa, na ukwaju una asidi na potasiamu. Ila kiasi kinabadilika sana mti kwa mti na jinsi unga ulivyokaa, kwa hiyo kwa kuku ishirini wa nyumbani wape, loweka, chuja, weka asubuhi, mwaga ikifika mchana uoshe chombo kwa brashi. Kwa kuku 500 usijaribu. Maji yenye sukari ya matunda kwenye joto yanachacha kwa saa chache na kwenye mipira yanaota utando wa bakteria, utatoka kwenye joto uingie kwenye kuharisha. Shubiri usiiweke, ule utomvu wake wa njano unaharisha na kuku tayari anapoteza maji.

Na kishingo kutokufa sio ukwaju peke yake. Hana manyoya shingoni, joto linatoka pale moja kwa moja, hiyo ni asili yake. Kuku wa kienyeji pia ni mwepesi, anahama mwenyewe anakwenda kulala chini ya mwembe, huyu wa nyama tumemfungia ndani.

Shangazi_Unguja

Na mimi niwaulize kwa vile mmekusanyika wataalamu. Sina kuku, nina kasuku wa familia kwenye tundu na njiwa wachache juu ya nyumba hapa Unguja, mchana kasuku anafungua mdomo anainua mabawa. Nimpe hizo elektrolaiti za kuku au zile za watoto wa kuharisha?

DktMifugo_Moro

Za watoto usimpe, na za kuku usikadirie kwa macho maana kasuku ni mdogo, kijiko kikizidi kidogo tu chumvi inamuumiza. Yeye chakula chake ndo dawa, mpe tikiti maji, tango, embe, papai, pilipili hoho, vipande vidogo na mabaki yatolewe baada ya saa mbili. PARACHICHI KAMWE, linaua ndege. Tundu liondoke jikoni na juani, mnyunyizie maji ya ukungu kwa chupa ya kupulizia, mpya na safi, huyo ni mmoja na upepo wa baraza unatosha kumkausha. Akianza kuyumba au kuanguka mloweshe miguu kwa maji ya kawaida, sio ya barafu, na umpeleke kwa daktari.

Njiwa wekee beseni la kuogea asubuhi, wataingia wenyewe, na maji ya kunywa yawe kivulini. Elektrolaiti ya njiwa inauzwa, tumia siku ile wanaporudi wamechoka au joto limekithiri.

MfugajiWaChanika

Nimeuliza aliyenitengenezea chakula, anasema finisha yake (chakula cha kumalizia) haina nikabazini, nimeona na karatasi ya premiksi. Nimechukua elektrolaiti na vitamini C tupu, hii imeandikwa asilimia 99, unga wa njano nimerudisha. Chakula napandisha saa nne. Leo wametweta lakini wamesimama na wanakunywa. Sasa nataka nipunguze wingi kama dokta alivyosema, kuna mteja wa hoteli anataka 150 ila gari lake linakuja saa tano asubuhi, hiyo si hatari?

BiKisauni

Ni hatari, mwanangu, mwambie aje alfajiri au wewe upeleke usiku. Kuku kamata gizani kwa taa hafifu, wanatulia hawakimbii, kwa maana kuku akishakimbizwa kwenye joto hata ukimpa nini anafia kwenye kreti. Chakula kiondoe saa kadhaa kabla, maji yaache mpaka dakika ya kukamata. Kreti moja usijaze kama ulivyozoea, toa wawili watatu, na kati ya kreti na kreti kwenye gari acha nafasi hewa ipite. Gari likishapakia liondoke, lisisimame kungoja risiti. Na kama mteja hawezi kabisa kuja alfajiri basi aje baada ya magharibi, hao 150 saa tano ya jua hata robo saa wasipangwe kwenye gari lililosimama.

DktMifugo_Moro

Sahihi kabisa. Elektrolaiti wape jana yake na asubuhi ya siku hiyo, basi. Wakishatoka hao 150 utabaki na chini ya 9 kwa mita, usijaribiwe kujaza nafasi kwa vifaranga wapya mpaka mvua za mwezi wa tatu zianze.

MfugajiWaChanika

Mteja kakubali saa kumi na moja alfajiri.